Mzee Anapojibu "Sijambo Tu"

Mzee mwenye sonona ni nadra akuambie ana huzuni. Atakuambia mgongo unauma. Atakuambia tumbo limejaa, chakula hakina ladha, miguu imekuwa mizito, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi tena. Ukimuuliza hali atajibu "sijambo tu", na hilo "tu" la mwisho ndilo la kutegea sikio. Sisi tunaowahudumia wazee tumejifunza, mara nyingi kwa kuchelewa, kwamba ugonjwa huu, ambao wengine huuita unyogovu, unapompata mtu wa miaka 70 au 80 haupitii mlango unaoupitia kwa kijana. Mzee hunyamaza, hukonda, hukasirikia vitu vidogo, na watu wa nyumbani wanasema: ni uzee.

Kwa maoni yetu neno hilo, "ni uzee", limechelewesha matibabu ya wazee kuliko jambo lingine lolote. Uzee hupunguza kasi ya miguu, hufifisha macho, hufanya usingizi uwe mwepesi. Hamu hauiondoi. Mtu wa miaka 85 aliye mzima bado anataka kujua ni nani aliyebisha hodi, bado ana chakula anachokipenda na mtu asiyempenda, bado anabishana na redio. Hamu hiyo ikitoka na isirudi kwa wiki mbili mfululizo, hapo kuna ugonjwa wa kutafutwa, hata awe na miaka mingapi.

Wiki mbili hizo zina maana yake. Madaktari huhesabu dalili tisa: huzuni, kupoteza hamu ya mambo, mabadiliko ya ulaji au uzito, usingizi kupungua au kuzidi, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, kuishiwa nguvu, kujiona hufai au kujilaumu, kushindwa kukaza mawazo au kuamua jambo, na kuwaza kifo. Zikipatikana tano, karibu kila siku kwa wiki mbili, na mojawapo ikiwa huzuni au kupoteza hamu, ndipo wanaposema ni sonona. Kwa mzee hesabu hii ina mtego. Ulaji, usingizi, nguvu na uzito wa mwili vinaweza kuharibiwa na moyo, kisukari, figo au maumivu ya viungo, bila sonona yoyote. Kwa hiyo sisi huzipa uzito zaidi zile ambazo ugonjwa wa mwili peke yake hauzielezi vizuri: hamu iliyokwisha, kujilaumu, kukata tamaa, na maneno kama "nimekuwa mzigo kwenu". Mzee mwenye maumivu makali ya goti bado hufurahi mjukuu anapoingia. Mwenye sonona humtazama, humpa mkono, kisha hurudisha macho ukutani.

Njia bora ya kuitambua ni kumlinganisha mzee na nafsi yake ya miezi sita iliyopita. Usimlinganishe na jirani wala na wazee wengine unaowajua. Yuko aliyekuwa mkimya maisha yake yote. Ukimya wake si habari. Habari ni pale aliyekuwa akifuta miwani kila asubuhi kwa pindo la shati, anaipulizia pumzi kwanza, anaifuta, anaiinua kwenye mwanga, siku hizi anaivaa ikiwa na alama za vidole na ukungu wa mafuta, au imelala mezani tangu juzi na yeye hajaiuliza. Miwani chafu inasema mengi: hasomi, hatazami, haoni cha kutazamia. Vitu vya aina hii ndivyo vya kuviangalia. Kitana kisichoguswa. Vifungo vya shati vilivyopishana tundu moja. Simu inayoita na kuachwa iite. Nguo ile ile siku ya nne kwa mtu aliyekuwa akijipenda.

Tunashauri daftari. Daftari la kawaida, siku 14, ukurasa mmoja kwa siku, liandikwe na mtu mmoja au wawili tu ili macho yawe yale yale. Andika saa aliyolala na saa aliyoamka, hasa kama anaamka masaa mawili au zaidi kabla ya kawaida yake na kushindwa kulala tena. Andika alichokula kwa robo: robo sahani, nusu, yote. Andika kama alitoka chumbani kwa hiari yake, kama alianzisha mazungumzo hata mara moja, alilalamikia nini na saa ngapi. Mpime uzito mara moja kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi kabla ya kula. Aliyekuwa na kilo 60 akifika 57 ndani ya mwezi amepoteza asilimia 5, na hilo peke yake linatosha kumpeleka kwa daktari. Daftari litakuonyesha pia kitu ambacho kumbukumbu huficha: wazee wengi wenye sonona nzito huwa vibaya zaidi asubuhi, na jioni huchangamka kidogo. Mwana anayempitia babake saa moja jioni baada ya kazi anaondoka akiamini hali ni nzuri. Dada anayemwamsha asubuhi anajua ukweli mwingine. Wote wawili wanasema kweli, na bila daftari watagombana.

Kuhusu kuuliza. Swali la "uko sawa?" halifai, kwa sababu linabeba jibu lake ndani. Keti, usisimame mlangoni. Macho yenu yawe usawa mmoja, mwanga uangukie uso wako ili aone midomo, maana wengi husikia nusu kwa masikio na nusu kwa macho. Kama ana kifaa cha kusikilizia, hakikisha kimewashwa. Mkiwa wawili tu. Mzee hatamwaga ya moyoni mbele ya wakwe na watoto. Anza na siku ya jana: "Mama, jana tangu ulipoamka ulikuwa unafanya nini?" Jibu refu ni dalili njema. Jibu la "nilikaa" linafungua njia. Kisha uliza mawili haya, kwa maneno yako: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejikuta huna hamu wala raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia vibaya moyoni, umekata tamaa? Katika kipimo kifupi kinachotumia maswali haya mawili, kila swali lina alama 0 hadi 3, kuanzia "hata siku moja" hadi "karibu kila siku". Jumla ikifika 3, uchunguzi zaidi unahitajika.

Kipo kipimo kilichotengenezwa mahususi kwa wazee, cha maswali 15 ya ndiyo au hapana. Tunakipenda kwa sababu hakiulizi habari za usingizi wala uzito, vitu vinavyochanganywa na magonjwa mengine. Kinauliza kama umeacha shughuli zako nyingi, kama unaona maisha yako ni matupu, kama unapendelea kubaki nyumbani kuliko kutoka, kama unahisi wengi wana nafuu kuliko wewe. Alama zaidi ya 5 zinaashiria sonona, na kuanzia 10 ni mara chache iwe kitu kingine. Hata hivyo, kipimo hiki hakifai kwa mtu ambaye kumbukumbu imeharibika sana, kwa kuwa hawezi kuilinganisha leo yake na jana. Kwa huyo hutumika kipimo kingine ambacho sehemu ya majibu hutoka kwa anayemtunza.

Baada ya kuuliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. Sonona hupunguza kasi ya fikra, na jibu linaweza kuwa njiani wakati wewe umeshauliza swali la tatu. Kosa linalofanyika kila siku ni ndugu kumjibia: "Hapana, Baba hana shida, anakula vizuri tu." Kosa la pili ni kuhubiri. Mzee akisema "nimechoka na maisha", anayemjibu "usiseme hivyo, shukuru Mungu una watoto" amefunga mlango, na mzee hatasema tena. Jibu linalofaa ni fupi: "Nieleze huko kuchoka."

Sasa magumu yake, maana sonona ya mzee hufanana na mambo matatu ambayo kila moja lina njia yake. La kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu, Jumatano hajui alipo, anasinzia katikati ya sentensi, usiku anaona watu chumbani, saa moja yuko sawa na saa inayofuata amepotea: huyo si wa kungojea daftari. Ni dharura. Mara nyingi kuna maambukizi ya mkojo au mapafu, kukosa maji, dawa mpya, au choo kilichokwama. Ipo aina ya kuchanganyikiwa ambayo ni ya kimya, mzee analala tu na kuzubaa, na hiyo ndiyo inayodhaniwa kuwa sonona. Kinachozitofautisha ni muda: masaa na siku kwa kuchanganyikiwa, wiki kwa sonona, miezi na miaka kwa ugonjwa wa kusahau.

La pili ndilo huo ugonjwa wa kusahau. Mwenye sonona hulalamika kwamba anasahau, na ukimpa swali hujibu haraka "sijui", hajaribu. Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi halalamiki. Watu wa nyumbani ndio wanaolalamika, naye hujaribu, hukosea, hufunika kosa kwa mzaha au kwa hadithi. Tofauti hiyo husaidia ila haitoshi, kwa sababu magonjwa haya mawili hukaa pamoja katika mtu mmoja mara nyingi, na sonona inayokuja kwa mara ya kwanza uzeeni wakati mwingine ni hatua ya mwanzo ya ugonjwa wa kusahau. Kwa hiyo hata mzee akipona sonona, kumbukumbu ipimwe upya baada ya miezi kadhaa.

La tatu ni msiba. Aliyefiwa na mwenzi wa miaka 50 atalia, atakosa usingizi, ataacha kula. Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi, inaamshwa na sauti, nguo, tarehe. Katikati ya mawimbi mfiwa anaweza kucheka akimkumbuka marehemu, na hajichukii. Katika sonona hakuna katikati, na mtu hujiona hana thamani. Mfiwa anayesema angependa kumfuata marehemu aulizwe kwa undani siku hiyo hiyo, hata kama ni wiki ya kwanza. Wala msiba haumkingi mtu na sonona. Vinaweza kuwa pamoja.

Mzee akikataa kwenda hospitali, ingieni kwa mlango alioufungua mwenyewe. Amelalamikia usingizi? "Twende wauangalie huo usingizi." Huo si ulaghai, usingizi wake kweli umeharibika na utashughulikiwa. Kung'ang'ania neno sonona siku ya kwanza kwa mtu aliyekua akiamini kuwa magonjwa ya akili ni aibu hakumsaidii yeyote. Daktari ndiye apewe daftari mapema, ikiwezekana kabla mzee hajaingia.

Na mchukue mfuko mmoja wenye dawa zake zote: za hospitali, za dukani, za mitishamba, za jirani. Zote. Vidonge vya jamii ya steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, vinaweza kuleta huzuni au fadhaa. Dawa za usingizi na za kutuliza zikitumika miezi mingi hufifisha akili na kuangusha watu. Pombe ifanye sehemu ya maswali bila haya, hata kwa bibi mtulivu, kwa kuwa glasi za usiku "za kuleta usingizi" huvunja usingizi huo huo saa nane na kuongeza huzuni. Halafu vipimo vya damu: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, figo, sodiamu (madini ya chumvi) na kalsiamu. Tezi inayofanya kazi polepole humfanya mtu awe mzito, mwenye baridi, msahaulifu na asiye na hamu, na matibabu yake ni kidonge tofauti kabisa. Aliyepata kiharusi aangaliwe kwa makusudi, maana takriban mmoja kati ya watatu hupata sonona baadaye, na kama kiharusi kimemwondolea maneno hataweza kusema. Ataonyesha kwa kukataa mazoezi. Masikio na macho vipimwe pia. Mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo kidogo kidogo, na tumewahi kudhani ni sonona kumbe ni nta iliyoziba masikio.

Dawa zipo na zinafanya kazi, ila kwa mzee kanuni ni kuanza kidogo na kuongeza polepole. Sertralini, kwa mfano, mara nyingi huanza kwa miligramu 25 kwa siku badala ya 50. Sitalopramu kwa aliyezidi miaka 60 haipaswi kuzidi miligramu 20, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Mirtazapini hutolewa usiku na huongeza usingizi na hamu ya kula, hivyo humfaa aliyekonda. Amitriptilini ni ya zamani na inapatikana kwa urahisi, lakini kwa wazee tunaiogopa: hukausha mdomo, hufunga choo na mkojo, hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, huvuruga akili, na ikimezwa nyingi ni hatari kwa moyo. Mzee wenu akiandikiwa, muulizeni daktari kama kuna mbadala. Si utovu wa adabu kuuliza.

Kipindi kibaya ni wiki nne za kwanza. Madhara huanza siku ya kwanza na nafuu huja baadaye, kwa hiyo wengi huacha katikati. Mwambieni mzee waziwazi tangu mwanzo: kichefuchefu kidogo na kuhara hupungua baada ya wiki moja au mbili, nafuu ya kweli huhitaji wiki nne hadi sita, na kwa wazee wengine hata 12. Usingizi na nguvu hutangulia kurudi, moyo hufuata. Watu wa nyumbani huona mabadiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe: ameuliza bei ya kitu, ameomba chumvi, amemkaripia mtoto. Hizo ni habari njema, ziandikeni.

Dalili mbili za hatari za dawa hizi zinapaswa kujulikana na kila anayemtunza mzee. Moja ni sodiamu kushuka kwenye damu, hasa ndani ya mwezi wa kwanza, na zaidi kwa anayetumia vidonge vya kukojosha vya shinikizo la damu. Huonekana kama uchovu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, kuanguka, na ikizidi degedege. Rahisi kabisa kusema "sonona imezidi" na kuongeza dawa, wakati ilipaswa kusimamishwa na damu kupimwa. Ya pili ni kutokwa damu, tumboni hasa, kwa anayetumia pia aspirini, dawa za maumivu kama ibuprofeni, au dawa za kuzuia damu kuganda. Choo cheusi kama lami, hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa peke yake huacha kazi nusu. Ushauri nasaha unaofuata utaratibu huwasaidia wazee kama unavyowasaidia vijana, na fikra kwamba mzee "habadiliki tena" haina msingi. Iko njia moja ambayo familia inaweza kuianza bila kusubiri miadi: kumrudishia mzee shughuli, kwa kipimo. Sonona humfanya mtu asubiri hamu ndipo atende. Hapa mwendo unageuzwa, anatenda kwanza na hamu inamfuata polepole. Chagua jambo moja ambalo lilikuwa lake. Liwe dogo kiasi kwamba siku mbaya kabisa analiweza: dakika 10 za kutembea hadi getini na kurudi, kumwagilia mimea miwili, kukunja taulo tatu, kupiga simu moja ya dakika tano. Saa ile ile kila siku, na kama asubuhi ni ngumu basi saa nne au saa tano. Usiseme "ungependa kutembea?" kwa sababu jibu ni hapana. Sema "Babu, saa nne imefika, viatu vyako hivi hapa," na ukae umvalishe kimoja, cha pili avae mwenyewe. Baada ya wiki ongeza dakika tano au jambo la pili. Familia huharibu kwa njia mbili: kuanza na makubwa, kama safari ya siku nzima iliyojaa watu, ambayo humthibitishia mzee kuwa hawezi; au kumfanyia kila kitu kwa upendo. Kumpokonya mzee kazi zake zote, hata kumenya na kukunja, ni kumwambia kila asubuhi kwamba hahitajiki.

Chakula: sahani ndogo mara tano badala ya kubwa mara tatu, na mtu wa kula naye. Kula peke yake kunapunguza ulaji. Usingizi: asilale mchana zaidi ya dakika 30, apate mwanga wa jua asubuhi, na asikae kitandani akiwa macho masaa mengi. Ziara fupi za mara kwa mara zina nguvu kuliko moja ndefu ya mwezi. Dakika 20 mara tatu kwa wiki, kwa siku zinazojulikana, humpa mzee kitu cha kungojea.

Tuseme la kujiua bila kuzunguka. Katika nchi nyingi wanaume wazee ndio wenye viwango vya juu vya kujiua, na jaribio la mzee huishia kifoni mara nyingi kuliko la kijana, kwa kuwa mwili ni dhaifu, yuko peke yake, na amedhamiria. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Uliza kwa ngazi: kuna siku unatamani usingeamka? Umewaza kujitoa uhai? Umefikiria utafanyaje? Akijibu ndiyo kwa la tatu, asiachwe peke yake hata dakika, na apelekwe hospitali siku hiyo. Akijibu ndiyo kwa la kwanza tu, aonwe na mtaalamu ndani ya siku chache, na nyumba iandaliwe sasa: dawa zote zifungiwe na mtu mwingine atoe dozi ya siku moja moja, sumu za kilimo na silaha ziondoke nyumbani kabisa, maana kuzificha tu hakutoshi. Angalieni pia mambo yasiyo na kelele: kugawa vitu vya thamani ghafla, kuaga kusiko kwa kawaida, kulimbikiza vidonge, kukataa chakula na dawa za moyo au kisukari. Utulivu wa ghafla baada ya wiki za mahangaiko usipokelewe kwa shangwe kabla ya kumuuliza.

Kuna sonona nzito inayomfanya mzee aamini yasiyokuwepo: kwamba amefilisika wakati fedha ziko, kwamba matumbo yake yameoza, kwamba kosa la ujana wake ndilo limeleta maradhi ya watoto. Usibishane naye, na usikubaliane naye. Huyo ni wa hospitali. Kwa hali hiyo, na kwa aliyeacha kula na kunywa, tiba ya umeme inayotolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa nusukaputi ni kati ya tiba zenye matokeo mazuri zaidi kwa wazee. Huweza kuvuruga kumbukumbu, mara nyingi kwa muda, na hilo lijadiliwe na daktari kabla, ila jina lake lisiwatishe mkakataa kitu kinachoweza kumrudisha mtu mezani ndani ya wiki chache.

Anayemtunza naye apimwe. Maswali yale yale mawili, ajiulize au aulizwe. Mtunzaji asiyelala huanza kumjibu mzee kwa mkato, na mzee mwenye sonona husoma mkato huo kama ushahidi kwamba ni mzigo. Gawaneni siku, iandikwe ni nani yuko zamu, na mtunzaji mkuu apate angalau nusu siku kwa wiki ambayo simu haimfuati.

Mzee akipata nafuu, familia hutaka kuacha dawa mara moja, na hapa ndipo wengi hurudi walikotoka. Baada ya kupona kabisa, dawa huendelea kwa kipimo kile kile kilichomponya kwa miezi 6 hadi 12, na zaidi kwa aliyewahi kuugua kabla. Ikifika wakati wa kuacha, daktari huipunguza hatua kwa hatua kwa wiki nne au zaidi. Ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi, ndoto za kutisha, na mzee anadhani ugonjwa umerudi. Wakati huo rudini kwenye daftari la mwanzo mtafute kitu cha kwanza kabisa kilichobadilika kabla ya mengine yote. Kwa mmoja ilikuwa usingizi wa alfajiri, kwa mwingine simu iliyoachwa iite, kwa mwingine miwani. Kiandikeni kwenye karatasi moja pamoja na dozi iliyomponya, tarehe, na namba ya kliniki, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati lake, na mzee mwenyewe ajue iko pale na kwa nini.